Roho Inachafuka

Kwetu mtu hasemi kichefuchefu.
Anasema: roho inachafuka.
Basi mimi, huu mwezi wa nne,
nina roho chafu na sina dhambi ya kuonyesha.

Harufu ya sambaza wa jirani
inapanda kilima cha Kadutu kabla ya jua,
inabisha, haingoji kuitikiwa.
Nashika meza ya cherehani.
Naliambia tumbo: tulia, nina sare kumi na mbili za shule.

Mama Nsimire alinitazama kiuno, akacheka:
"Na miaka hamsini na mmoja, dada?"
Ntakwinja, mume wangu, akahesabu kwa vidole,
akaacha, akatoka kununua makala.

Wifi yangu hakucheka.
Yeye alisema karuho.
Nani alikupa pombe kwenye matanga ya Nyangezi?
Nani alishika glasi kwa juu?
Nikaanza kukumbuka vidole vya watu.
Miezi miwili sikula kwa mtu,
hata kwa dada yangu wa tumbo moja,
na roho ikazidi kuchafuka, mara hii kwa haki.

Walinichoma kidole: malaria hakuna.
Nikakojoa kikoponi: mimba hakuna, sukari hakuna.
Tifoidi, hakuna.
Sijawahi kulia kwa habari njema
kama siku ile barazani pa kituo cha afya,
karatasi mkononi zinasema mzima,
na mimi natafuta mtaro wa kutapikia.

Tangawizi nilitafuna. Ndimu nilinusa.
Mkate mkavu kabla ya kuinuka,
bukari kidogo, tonge la kasuku.
Vilinisogeza. Havikunivusha.

Halafu Mugoli, muuguzi wa zamu,
umeme umekatika, muganga hajafika,
akasema: mwaga mkoba wako hapa.
Utepe. Chaki. Sindano. Faranga za watu.
Na vile vidonge vya njano ndani ya karatasi ya daftari.
"Hivi?"
Hivyo si dawa, nikamjibu, ni vya mgongo tu.
Vinne kwa siku. Sisi washonaji wote tunameza.
"Tangu lini?"
Tangu kiti changu kivunjike egemeo.
Nikajisikia nikisema.

Hakucheka, wala hakuapa.
"Huenda ni hivi. Huenda sivyo.
Viache. Meza hiki cha tumbo kila asubuhi, wiki mbili.
Ukiona choo cheusi, njoo hata usiku.
Ikikataa, tutatafuta kwenye ini, figo, sikio."
Sikio!
Nilipanda kilima nikilishika,
lisije likaanguka.

Leo siku ya tisa.
Mgongo unapasuka kama ubao wa mvule.
Ntakwinja amefunga egemeo kwa mpira wa baiskeli,
linalia kila nikikanyaga pedali.
Sambaza wamebisha tena.
Nimengoja, mkono mezani.
Roho imefikiri kidogo,
kama mteja anayeuliza bei.

Nimemtuma mtoto kwa Mama Nsimire
na sahani tupu.