Daftari la Bwana Zadek

Mji wetu uliishi kwa matundu.
Usinicheke: lesi ni nini
ila matundu yaliyozungushiwa uzi?
Kutoka Plauen matundu hayo yalivuka hadi New York,
yakakaa kwenye kola za wanawake wasiotujua,
nasi tukala mkate, soseji ya Jumapili,
na mdogo wangu Gotthold akapata viatu vya Pasaka.

Kisha fasheni ikageuka. Kisha benki zikafunga.
Maagizo yakakoma
bila kuaga.
Mashine ya baba, sindano mia sita themanini,
aliyoinunua kwa mkopo wa miaka kumi,
ikauzwa kwa kilo, chuma chakavu.
Asubuhi ile waliyokuja kuibeba
baba aliipaka mafuta kila ungo,
taratibu, kama anayeosha maiti.

Gotthold alikuwa na miaka kumi na tisa
na kazi yake ilikuwa kugongewa muhuri.
Foleni, kadi, muhuri, nyumbani.
Mama alipomkatia mkate
kisu kilisita kidogo juu ya ganda,
kikasogea nyuma, upana wa kidole.
Hakuna aliyesema neno.
Gotthold alikiona.

Dukani kwa Bwana Zadek kulikuwa na daftari jeusi.
Viazi, majarini, mafuta ya taa.
Sisi tulikuwa ukurasa wa thelathini na moja.
“Utalipa, Ottilie, mambo yakinyooka,”
akalamba ncha ya penseli, akaongeza mstari.

Wale wengine hawakuanza na chuki.
Walianza na supu.
Supu ya njegere, ina nyama, ukumbini kwenye jiko la moto,
na mtu aliyemuuliza Gotthold jina lake
na wiki iliyofuata akawa bado analikumbuka.
Wakampa shati la rangi ya udongo. Wakampa buti.
Chuki ililetwa mezani mwishoni kama chumvi:
kidogo tu, ukipenda.

Swali la baba lilikuwa refu.
Lilikuwa na riba ndani yake, na bei ya pamba,
na dhamana, na watu wa mbali wenye kalamu.
Alilirudia usiku, ukutani, hakufika mwisho.
Jibu lao lilikuwa fupi
na lilikuwa na anwani:
mtaa wa pili kutoka kwetu, mlango wenye kengele ya shaba.

Nilimuuliza, “Wewe unayaamini haya?”
Akaniangalia kama mtoto aliyeulizwa hesabu.
“Ottilie,” akasema, “buti hizi hazivuji.”

Watu husema mwenye njaa hana miiko.
Sijui. Njaa ile ilikuwa yetu sote,
ililala kitanda kimoja nasi.
Mjane Kunzmann ghorofa ya juu
alichemsha maganda ya viazi mara mbili
na hakuwahi kumtemea mtu mate.
Lakini nami nisijitakase:
mkate ambao Gotthold alirudi nao kutoka ukumbini
niliula. Ulikuwa mweupe. Niliula
na sikuuliza umekandwa na nani.

Julai baba alirudi kupiga kura
akavua kofia, akaitundika, ikaanguka,
akaiacha sakafuni.
“Nilitaka tu,” alisema, “mtu mmoja apige meza.”

Ilipigwa meza.
Kisha vikapigwa vioo.
Siku waliyosimama mlangoni kwa Bwana Zadek
Gotthold alikuwa wa tatu kutoka kushoto,
kidevu juu, hakutazama ndani.
Kengele ya shaba ililia mara moja, ilipong'olewa.
Karatasi zilichomwa uani. Ukurasa wa thelathini na moja
uliondoka na nyingine.
Maki arobaini na mbili na senti kadhaa:
hatudaiwi tena.

Jioni hiyo mama alipika viazi.
Vilikuwa viazi vya daftari,
vya mwisho mle kwenye gunia.
Kisu chake hakikusita.
Tulikula.