Sauti Yangu Yenye Meno Yote

Siku tatu walinifungia chumba cha eksirei,
blanketi mlangoni kuzuia upepo wa Julai,
nikasoma karatasi: Jumatatu, Jumanne,
jino la juu, jino la chini, kushoto, kulia,
samahani sijakusikia, tafadhali sema tena.
Kijana wa mitambo akasema, Dada Yudita,
tabasamu unaposoma, tabasamu husikika.
Nikatabasamu hadi mashavu yakakaza.
Sasa simu ikilia hapa kliniki, Makole,
siinuki. Anapokea yeye, aliye mimi.

Hachoki. Hana mwana mwenye homa,
hajui maji yakikatika Nkuhungu.
Anapokea watu wa Mtumba wanaotaka saa sita kamili
maana saa saba wana kikao,
anapokea mama wa Hombolo, mkulima wa zabibu,
ambaye mwanawe ameuma mbegu, gego likapasuka.
Jino gani linauma? huuliza,
kwa upole uleule,
saa nne asubuhi na saa nane za usiku,
na mimi ambaye upole wangu huisha alasiri
namwonea wivu, kisha naona haya:
nani aliyewahi kulionea wivu koo lake mwenyewe?

Mwezi wa tisa, kokoto moja katika kunde
ikaondoka na jino langu la mbele.
Daktari Ndahani akacheka, akaomba radhi,
akaniambia nipige simu kama mgonjwa yeyote.
Nikapiga. Nafasi nilipewa na sauti yangu.
Tangu hapo "samahani" yangu hupiga mluzi,
"sindano" hutoroka pengoni kabla sijaikamata.
Yeye husema sindano, safi, kama sarafu mpya.

Kazi yangu asubuhi ni kusikiliza simu za usiku.
Wengi hukata. Wapo wanaotukana.
Mmoja alimwomba namba yake binafsi.
Lakini kulikuwa na mzee, usiku tatu mfululizo.
Mbukwa, alisema. Akangoja.
Samahani sijakusikia, tafadhali sema tena.
Akarudia, polepole, kama anayemfundisha mgeni:
Mbukwa.
Samahani.
Halafu upepo, sekunde kumi na moja,
mbuzi, mlango wa bati,
na pumzi ya mtu anayeumwa ambaye hajaitikiwa
na kwa hiyo hawezi kuanza kueleza.

Nikampigia kijana wa mitambo. Neno moja? akasema.
Bei ni ileile, neno moja au mia.
Nikamwambia Daktari akate mshahara wangu.
Hakukata, alinung'unika tu.
Blanketi likatundikwa tena.
Niliogopa pengo: sauti hazitafanana,
watu watajua tuko wawili,
mmoja mzima na mmoja aliyepungua.
Nikafunga midomo, nikaifungua:
Mbukwa.
Kijana akasikiliza za zamani, akasikiliza hili, akakuna kichwa.
Neno lile halidai jino hata moja.
Midomo inagusana, koo linamalizia,
na kibogoyo hulisema sawasawa na bwana harusi.

Alhamisi alikuja, Mzee Chilongani wa Chigongwe,
shavu limeumuka kama andazi.
Alipofungua kinywa niliona mawili ya chini, ya mbele,
hayapo, yaling'olewa utotoni kwa desturi,
na nyuma kabisa gego jeusi linalomnyima usingizi.
Hakulitaja. Aliuliza kwanza:
yule binti wa usiku, aliyeniitikia, yuko wapi?
Nikasema, Mbukwa, babu.
Akainamisha sikio, akanitazama pengo,
akatazama simu iliyokuwa ikilia na kupokelewa.
Kumbe wewe ndiye mama yake, akasema.
Mmefanana kuitikia.