Sufuria ya Daktari Lin

Mkoani, ukipanda mlima kutoka bandarini,
kabla hujalifikia geti la hospitali,
pana meza ya Salhina na ndoo yake ya urojo.
Hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza
bila koti jeupe, mtu tu kama watu,
bakuli kalikumbatia kwa mikono miwili,
kijiko kakiweka kando,
anapiga mafunda kama mtoto anayemaliza uji.
Pilipili ikamshika. Machozi yakamlenga.
"Nipunguze?" akauliza Salhina.
Akajibu kwa Kiswahili chake cha wodini:
"Inauma. Vizuri. Ongeza."

Mie nilikuwa nafagia wodi ya wazazi.
Yeye akiwapokea watoto wetu,
na mikono ileile, Jumapili,
ikikanda unga wa ngano
katika nyumba ya madaktari, nyuma ya tangi la maji.
Siku moja akaniita nione.
Kiduara cha unga, chapati iliyokataa kukua,
katikati kijiko cha nyama, kabichi na tangawizi,
kisha anakunja, anafinya, anafinya,
ukingo ukatoka kama mshono wake.
Wanawake wa Mkoani tunaujua mshono ule.
Wengine tunatembea nao tumboni.

"Sambusa," nikamwambia.
"Jaozi," akasema.
"Sambusa. Ila hii imeona mafuta ghali, ikaingia majini."

Akanisogezea sahani. Nikaitazama sufuria.
Sikusema kitu. Yako mambo hayasemwi
mbele ya mwenyeji aliyekukaribisha,
hata kama mwenyeji ndiye mgeni.
Nikasema nimeshiba.
Saa saba ya mchana, na tumbo langu
likanisuta kwa sauti, wote wawili tukalisikia.

Jumapili ya pili yake: sufuria mpya,
karatasi ya bei ya duka la Faki imeganda ubavuni.
Kisu kipya. Ubao mpya.
Kuku kachinjwa na Kombo, mlinzi wa geti,
kwa bismillahi, yeye kasimama pembeni anatazama.
Akanionyesha kimoja kimoja,
kama ahesabuye vyombo kabla ya kupasua:
"Mpya. Mpya. Mpya. Kombo."
Nikakaa. Nikala kumi na tisa.

Kwangu alikuja wakati wa karafuu,
akaruka mikeka ya watu viatu mkononi.
Akataka kukuna nazi mwenyewe.
Mkono ule usiotetemeka juu ya tumbo la mtu
ukashindwa na mbuzi ya Bikombo, mama mkwe wangu,
damu tone moja ndani ya kifuu.
"Huyu ndiye aliyekupasua wewe?"
akaninong'oneza Bikombo, naye akamfunga kitambaa,
akamkunia mwenyewe, akamwekea pweza mkubwa sahanini.

Muhula wake ukaisha. Waliondoka alfajiri;
mie nilikuwa zamu, napiga deki.
Kaniachia sufuria,
na chupa ya sosi nyeusi, nusu.

Chupa niliipima kwa kizibo miezi minane.
Ilipokauka nikaisuuza, maji yake nikayatia pia.
Sasa natumia ukwaju, chumvi, sukari ya kuungua.
Hazilingani. Binti yangu Time hana haya:
"Mama, hizi si zile."
Bikombo, ambaye zile hakuzionja hata moja,
anasema hizi tamu zaidi.

Jumamosi nampelekea Salhina sinia.
Anatia mbili mbili ndani ya urojo,
juu yake bajia, chatne ya nazi, kachori,
na wateja wa bandarini wanaziita sambusa za maji,
wanagombana nani kazianza, Wete au Chake.
Siwaingilii. Narudi nyumbani na sinia tupu,
naosha vyombo.

Karatasi ya bei iliungua zamani kwenye seredani.
Umebaki mraba wa gundi, mweusi, mdogo kama stempu.
Naisugua sufuria yote kwa mchanga na majivu.
Pale napapita.