Fungu la Tangawizi

Kibanda chetu hakina mtu.
Kina paa la bati, ubao mmoja, mafungu saba,
na kopo la maziwa ya unga lenye tundu kifunikoni.
Barabara ya kwenda Aizawl hupinda hapo
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Anayeshuka garini huchagua, hulipa, huenda zake.
Sisi tuko bondeni, migongo juu, tunapalilia.

Wageni hupiga picha.
"Tazama uaminifu wao!"
Wanawasema wanunuzi.
Muuzaji haulizwi neno.
Nani amwulize, naye hayupo?

Basi niseme mwenyewe, Rothangpuii,
sauti ya alto, safu ya pili, kwaya ya kina mama.
Agosti ile mvua ilikataa kukatika,
tangawizi ikaanza kuoza ingali ardhini.
Nikafunga mafungu kwa ukambaa wa mwanzi:
vidole vinene nje, vimeoshwa, vinang'aa;
vilivyolainika nikavificha katikati,
kama tusi ndani ya salamu.
Binti yangu Biaki aliitazama mikono yangu.
Hakusema kitu. Alikuwa na miaka tisa,
anakariri Amri Kumi kwa mtihani wa shule ya Jumapili.
Alikuwa amefika ya nane.

Jioni nikafungua kopo.
Noti ya hamsini, imeviringishwa katika karatasi ya sigara,
maandishi ya penseli, kwa Kihindi.
Mwalimu wa shule akanisomea:
"Fungu moja, ishirini. Sina chenji.
Thelathini yangu nitaichukua nikirudi.
Iqbal, lori la saruji."

Thelathini.
Mkristo haisikii hesabu hiyo bila kugeuka nyuma.

Mtu hanijui, hajapata kuingia kanisani kwetu,
ameniachia fedha yake nimtunzie;
na huko mlimani, kwenye kona nisiyoijua,
fungu langu linanuka ndani ya gari lake.

Mama yangu alikuwa na chungu cha kanisa.
Kila alipopika alichota konzi ya mchele akaitia humo,
kabla ya kutupimia sisi, tena kutoka katikati ya gunia.
Mwaka wa fukusi nilimwambia,
"Chota wa chini. Kwani Mungu atajua?"
Akasema, "Mungu hali mchele.
Atakayekula ni mtu, naye ana meno."

Jumapili niliimba.
Sauti haikukwama hata mara moja.
Hilo ndilo lililonitisha.

Jumatatu nikachukua kipande cha boksi na mkaa:
"Iqbal wa saruji, hamsini yako yote iko kwenye bahasha.
Fungu lile lilikuwa bovu ndani. Sikujua."
Nikaketi nacho mpaka chai ikapoa.
Nikafuta herufi mbili za mbele kwa kidole,
nikaandika nyingine juu yake:
Nilijua.
Doa halikutoka. Yeyote angeweza kusoma
neno la kwanza chini ya la pili.

Mafungu sita mengine yalikwisha kwenda.
Hayo sina pa kuyafuata.

Bahasha ilikaa ubaoni siku kumi na moja,
imewekewa jiwe, karibu na pilipili kichaa.
Mzee wa kanisa, Lalremsanga, alisimamisha pikipiki,
akasoma taratibu kama mtu asomaye tangazo la msiba,
akanunua boga moja,
lakini kwanza alilibonyeza pande zote.
Siku hizi wote hubonyeza.
Mume wangu alisema ningemrudishia yule bwana kimyakimya.
Labda.

Siku ya kumi na mbili jiwe lilikuwepo peke yake.
Hakuna karatasi, hakuna jibu.
Labda ni yeye. Labda ni mwenye njaa zaidi yake.

Biaki ndiye anayefunga sasa.
Hufunga legelege, ili mtu aone mpaka ndani,
na kila lori likipita kwa kishindo
kidole kimoja au viwili huanguka barabarani.
Nataka kumwambia akaze.
Namwacha.