Donda Ndugu

Waliolipa jina hawakukosea kuliita ndugu:
linakula nawe, linalala nawe,
wageni wakija, ndilo linalowapokea mlangoni.
La Bi Syokau lina miaka saba,
juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto.
Alikuwa akitafuta kuni. Mwiba tu.

Ameingia Nairobi alfajiri kutoka Kyuso,
leso mbili zimefunga mguu,
mfuko wa nailoni umefunga leso,
ili abiria wasilalamike.
Walilalamika. Alihamishwa kiti cha nyuma, ananiambia,
akicheka kama anayesimulia ya mtu mwingine.

Chumba changu ni cha mwisho, baada ya maabara,
dirisha linatazama mabati ya Kariobangi.
Nalowesha kitambaa kwa maji ya chumvi. Nasubiri.
Hakivutwi. Kila siku nawaambia wanafunzi: hakivutwi.
Ndani nakuta sukari, mwarobaini, unga wa betri,
na chini kabisa kipande cha gazeti
ambacho bado kinasomeka tarehe yake ya Machi.

Simkemei. Zahanati yao ina shashi
siku gari likifika.

Napima: sentimita tisa kwa sita.
"Rudi Ijumaa," mdomo unaanza wenyewe,
kisha nakumbuka kwamba nauli ni mbuzi
na mbuzi waliobaki ni watatu.

Basi mjukuu, Mwikali, anavua sweta la shule,
ananawa hadi viwikoni.
Anzia vidoleni, namwambia, panda hadi chini ya goti,
kaza, lakini kidole kipite.
Anafunga. Inalegea. Anafungua. Anafunga.
Mara ya nne bibi anaguna:
"Huyu ananifunga kama mzigo wa kuni."
"Ndiyo," nasema, "hivyo hivyo."

Picha kila Alhamisi, tumeagana, mtandao ukipatikana.
Kuna jiwe nyuma ya shule, anasema Mwikali,
ukisimama juu yake simu inashika.

Siku hizi Alhamisi nanywa chai simu ikiwa mezani.
Tisa kwa sita.
Nane kwa sita.
Wiki mbili kimya, mvua imekata barabara,
nikawaza ya kuwaza.
Kisha saba kwa tano, wekundu safi kama nyama ya pera,
kando yake rula ya mbao, jina kwa wino wa buluu,
na pembeni mwa picha, nzi mmoja.

Nzi kufia kidondani si haramu, walisema.
Huyu na atafute pengine pa kufia.