Sumaku Haijui Nusu

Injini hii ilizaliwa kupigwa teke.
Mguu wa kushoto, kidole gumba ndani ya buti,
juu, juu, juu, hadi gia ya sita:
ndivyo ilivyofunzwa huko ilikotoka,
kabla pikipiki yake haijalala ubavu kwenye kona moja ya Builth
na mimi kuinunua mnadani, imechubuka.
Mwenyewe, niliambiwa, alivunjika mkono tu.

Nikaipandikiza ndani ya gari nililoliunda kwa mikono yangu,
mabomba ya chuma na bati jepesi,
miaka minne ya Jumamosi.
Ikabidi ijifunze kumtii mtu mwingine:
kijiti kando ya paja, vuta upande, sukuma ushuke,
na kebo iliyolegea kama ahadi ya fundi.

Baridi ya mwaka huu nimeamua itii kidole.

Dilwyn amekalia ndoo iliyopinduliwa,
kikombe cha chai mkononi, mvua inapiga paa la gereji.
"Mkono umekuchosha?"
Simjibu. Namenya waya kwa meno.
Yeye ni mtu wa kabureta,
rilei na fyuzi kwake ni uganga.

Vikafi viwili vya nyuma ya usukani
nimevikata kutoka sinia la keki.
Menna ameanza kuliulizia. Nimemwambia nitaangalia.
Cha kulia kupanda, cha kushoto kushuka,
na waya wao umejikunja kama wa simu za zamani
ili usukani ukizunguka usijinyonge.
Chini, ubavuni mwa injini, nimefunga sumaku nene kama chupa ya maziwa,
na kifimbo cha chuma kinachongoja kutumwa.

Lakini siri haiko kwenye sumaku.
Meno ya gia hayaachani yakiwa yanasukumana.
Lazima injini ife kidogo:
kisanduku kikate cheche,
sekunde uigawe mara ishirini, uchukue kipande kimoja tu,
meno yalegee, yaachane, yashike mengine,
moto urudi kabla injini haijajua kwamba ilikufa.
Nimekaa usiku nikikiwaza kipande hicho.
Mambo mangapi ya nyumbani kwetu
yangepita bila kusaga
kama mmoja wetu angenyamaza kwa kiasi hicho?

Jaribio la kwanza: gari juu ya stendi, magurudumu hewani.
Nikavuta. TAK!
Fyuzi ikaungua.
"Ehe," akasema Dilwyn.
La pili: nikaomba kupanda, ikashuka.
Waya wa kijani na wa bluu, chini ya taa ya njano,
ni mapacha.
La tatu: tak, tak, tak, tak,
kama korosho zinazobanguliwa.
Dilwyn akaweka kikombe chini.

Ikabaki nyutro.
Kati ya gia ya kwanza na ya pili pana mahali padogo,
nusu ya hatua, ambapo gari hupumzika.
Nimepunguza umeme. Nimefupisha muda.
Nimejaribu springi ya kalamu, nikajaribu ya mlango.
Ikipiga, inapitiliza. Ikipungukiwa, haifiki.
Sumaku haijui nusu.

Saa sita usiku Menna akaja na tochi,
koti juu ya nguo za kulalia,
akachungulia usukani, akaliona sinia lake.
Hakusema kitu. Sekunde nzima, labda mbili.
Kisha: "Na kile kijiti cha zamani kilikuwa na ubaya gani?"

Nimekirudisha. Nimekikata kikabaki urefu wa kijiko.
Jumapili, kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa,
vikafi vilinipeleka hadi gia ya sita,
kondoo wote upande wa pili wa ua wakainua vichwa.
Mwisho wa lami nikashuka, nne, tatu, mbili,
na mkono wa kushoto, bila kutumwa,
ukaenda chini, ukaitafuta nusu,
ukaipata.

Dilwyn alikuwa ananingoja, amelowa chapachapa.
Akavizunguka vikafi kwa macho, akakohoa.
"Sinia la namna hii," akauliza, "linauzwa wapi?"