Daftari la Kabini

Kabini iliungua usiku wa Jumanne,
ikalia kama sufuria inayodondoka ngazini,
na avenyu yetu yote, hapa juu Kadutu,
ikarudi kwenye mshumaa.

Shirika likasema: kabini mpya ni dola elfu nne, mia saba na ishirini.
Mtainunua nyinyi.
Ikishafungwa kwenye nguzo, ni mali ya Serikali.
Na bili mtalipa kama kawaida.
Mzee Bashizi akauliza kama Serikali itatuma hata salamu.
Hakuna aliyecheka.

Wakanichagua mimi mtunza hazina
kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na sina shemeji kwenye shirika.
Nyumba mia moja na kumi na nane, dola arobaini kila mlango.
Nikapiga mistari kwa rula,
nikaanza kupanda na kushuka ngazi za udongo.

Kwa Namwezi, mbabula ulikuwa unawaka.
Tukahesabu pamoja nyuma ya daftari:
kopo la makala asubuhi, kopo jioni,
faranga elfu moja mia tano kwa siku,
kwa mwaka laki tano, elfu arobaini na saba, na mia tano juu.
Akaitazama hesabu kama mtu anayeonyeshwa
picha ya mwizi, na mwizi ni nduguye.
"Kweli," akasema. "Lakini kopo linanidai kidogo kidogo.
Arobaini yako inazitaka zote kwa mara moja."
Wataalamu wana jina refu la jambo hili.
Namwezi analo fupi: leo.

Kule chini Ruzizi inatoka ziwani,
inaingia kwenye mashine, inatoka, haijapungua hata tone,
na umeme wake unagawanywa kwa nchi tatu
juu ya meza ambayo sijawahi kuiona.
Upande wa Kahuzi, msitu unashuka mlimani
umo ndani ya magunia,
mgongoni mwa wanawake.

Redioni, mkubwa mmoja: mpito wa nishati, mpito, mpito.
Neno zuri. Maji hupita.
Magari yao nayo hupita, vioo vimefungwa.
Sisi ndio tuliojenga hapo hapo kwenye mpito.

Cikuru fundi wa kuchomelea alikataa kuchanga.
Ana paneli mbili juu ya bati na betri ya mkopo,
anachaji simu za watu.
"Jua halina kabini," anasema.
Lakini mashine yake imelala chini ya turubai tangu Jumanne;
jua lile linajua taa, linajua simu,
chuma bado halijakijua.

Mlango wa Mama Nabintu niliuruka mara tatu.
Ndiye muuza makala wa kona.
Unamwombaje muuza maji achangie mvua?
Akaniita mwenyewe, akafungua kitenge,
akatoa arobaini,
kila noti na alama ya kidole chake, nyeusi.
"Andika. Jina lote."
Nikamuuliza: na biashara yako?
"Umeme ukija nitauza soda baridi.
Usipokuja," akapiga gunia kofi, vumbi likaruka,
"maharage hayaivi kwa hotuba.
Na hata ukija, mwana wangu,
mtaogopa bili, mtanirudia Jumapili."

Ijumaa nikashuka Nyawera na pesa za kwanza.
Karani wa shirika akazigeuza noti zake kwenye mwanga,
akazirudisha kwa ncha ya kalamu:
chafu, hazipokelewi.
Nikatoa arobaini safi, zilikuwa za karo ya mwanangu,
nikabaki na zile nyeusi.

Milango sitini na mmoja imelipa. Hamsini na saba, bado.
Kabini haijafika.
Kwenye mstari wa Nabintu kuna doa la makala,
limeingia hadi ukurasa wa pili,
chini ya majina ambayo sijayaandika.